Kombe Walilolipa Jina Lako

Baba Neema wangu,

Wamekununulia kombe. Wewe uliyekuwa ukirudi nyumbani Jumapili na mate ya watu mgongoni mwa shati, leo una kombe la rangi ya dhahabu lenye mikono miwili, limekaa juu ya meza ya ukumbi wa kanisa letu la huku Marekani, pale Takoma Park, limefunikwa kitambaa cheupe kama bibi harusi. Wanataka vijana walishindanie kila kiangazi, kwa mpira ule ule wa Kiairishi uliokutoa jasho. Wanataka jina lako lichongwe tumboni mwake. Na chini ya jina wanataka ichongwe kwamba ulikuwa mtu wa msamaha, kwamba kabla hujafa wewe na Kelvin mliyamaliza. Unajua hamkuyamaliza. Mimi pia najua. Ndiyo maana nakuandikia, na naandika wazi, asome anayetaka.

Sijui kama huko uliko mtu hufuatwa na mambo ya huku. Natumaini hapana. Ulifuatwa vya kutosha.

Nianze mbali kidogo, maana wengi wanaolitaja jina lako siku hizi hawakujui ila kwa kile kipande cha video kilichozunguka kwenye simu, kile kinachoonyesha kadi nyekundu na kukatika hapo hapo. Hawajui kwamba ulianza kwa kusukuma kiti cha magurudumu. Ulikuwa ukimhudumia Mzee Tom kule Wheaton, yule Mwairishi ambaye sukari ilimchukua miguu. Ulimwogesha, ulimlisha, ulimvumilia alipokuita kwa majina ya ndugu zake waliokufa. Kila Jumapili alitaka jambo moja tu, apelekwe uwanjani Beltsville akatazame vijana wakicheza mpira wa kwao. Ukawa unasimama nyuma ya kiti naye anakuelezea bila kuchoka: mpira wa duara kama wetu, lakini unashikwa kwa mikono, huruhusiwi kukimbia nao hatua nyingi bila kuudundisha au kujirushia kwa mguu, ukipita juu ya mwamba wa goli ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu. Jioni ulirudi ukanifundisha mimi jikoni kwa donge la unga wa chapati. Ulilirusha juu ya kabati ukasema hiyo ni pointi. Ulilirusha chini ya meza ukapiga kelele kwamba hilo sasa ndilo goli lenyewe. Nilikufukuza na mwiko mpaka sebuleni, na Neema, bado mdogo, akacheka hadi akapata kwikwi.

Halafu ikaja ile Jumapili refa hakutokea. Timu mbili zikabishana, kila moja ikimkataa mtu wa mwenzake, mpaka Mzee Tom akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake. Alisema firimbi apewe huyu wangu, kwa sababu hana mtu hapa. Uliniambia maneno hayo kwa furaha kama umepewa cheo. Mimi nilikasirika. Nilikuuliza, "Hana mtu, ndiyo sifa hiyo?" Ukanijibu, "Kwa refa, Mama Neema, hakuna sifa nyingine."

Kumbe nawe ulihitaji watu. Mpira ule una desturi yake ya ajabu: refa huja na watu wake mwenyewe wa kusimama golini, ndugu au marafiki, wamevaa makoti meupe, mmoja kwenye kila mlingoti. Bendera nyeupe kwa pointi, bendera ya kijani kwa goli, na mpira ukitoka nje unakatiza mikono mbele ya kifua. Waairishi wanakuja na kaka zao na mabinamu. Wewe ulikuja na mimi, na Bwana Curtis wa jirani. Goli la upande wa pili klabu zilitupa watu wao, lakini letu lilikuwa letu. Nilipovaa lile koti mara ya kwanza uliniangalia ukasema nafanana na daktari wa ng'ombe. Sikusahau hilo, na nilikulipa kwa chai isiyo na sukari wiki nzima.

Bwana Curtis tulimpenda sote. Mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni enzi za ujana wake, anakiongea kama anasoma taarifa ya habari. Mpira ukipita anainama kidogo upande wangu na kuuliza, "Dada mpendwa, je, kwa maoni yako, mpira huu umepita ndani au nje ya mlingoti?" Hapo vijana wanatutolea macho wanasubiri bendera, nami nacheka mpaka naiangusha. Zilikuwa Jumapili nzuri zile. Nayasema haya ili mtu asifikiri tuliingia kwenye jambo hili tukilia.

Lakini kazi ya urefa ilianza kukutafuna taratibu, na mimi nililiona hilo mapema kuliko wewe. Ulikuwa na umri wa baba zao na ulitakiwa ukimbie kuliko wao. Ulipanda na kushuka ngazi za jengo letu kabla ya kwenda kazini, majirani wakidhani lifti imeharibika. Hukuweza kununua hata soksi kule kwenye maduka ya Wheaton bila mtu kukukumbusha faulo ya mwezi uliopita. Unamkumbuka yule bwana aliyekaa mezani kwetu tunakula, akapanga chupa za chumvi na pilipili kukuonyesha mchezaji wake alikuwa amesimama wapi? Ulimsikiliza mpaka akamaliza, kisha ukamwomba aturudishie chumvi. Nilijivunia utulivu ule. Sikujua unapoutoa mpaka nilipokukuta asubuhi moja nyuma ya gari, kabla ya mechi, umeinama unatapika, na firimbi umeshaivaa shingoni. Ulijifuta mdomo ukaniambia ni mayai. Hatukuwa tumekula mayai.

Neema alikua, akaona. Siku moja alikuuliza mezani, "Daddy, why are you even doing this?" Yeye huelewa kila tunachosema na hujibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote. Ulimjibu kwa Kiswahili, polepole, "Kwa sababu bila refa hakuna mechi. Watavaa viatu, watangoja, kisha watarudi nyumbani." Alikuangalia kama umesema jambo la kipuuzi. Mimi nililielewa. Kwa kipindi kirefu hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yako pekee katika nchi hii, kwamba usipofika jambo halianzi.

Kosa lako, kama ni kosa, ni kwamba ulitaka vijana wetu nao waupate ule mchezo. Ukawaendea pale kanisani, akina Kelvin, watoto waliokuja wadogo kutoka Kitale na Bungoma na Eldoret, wanaokaa ukumbini na simu zao wakingoja ibada iishe. Timu mojawapo ilikuwa na upungufu wa wachezaji, ukawapeleka huko. Kelvin ulimfundisha wewe kushika mpira juu hewani, kwenye maegesho ya kanisa, jua kali, ukimrushia na kumrushia. Alikuwa na kipaji, hilo sitalificha. Na alikuwa mtoto wa Mzee Khaemba, mzee wa kanisa aliyetupokea tulipofika nchi hii hatuna hata godoro, tukakaa kwenye chumba cha chini ya nyumba yake mpaka tulipopata pa kwetu. Wewe hukuona kwamba tangu siku ulipowapeleka vijana wale uwanjani hukuwa tena mtu asiye na mtu. Ulikuwa na watu tele uwanjani, na wote walijua jina la mama yako.

Siku yenyewe unaijua kuliko mimi, lakini acha niiseme, maana ndiyo inayobishaniwa. Timu ya Kelvin ilikuwa nyuma kwa pointi moja na mechi ilikuwa inakaribia kuisha. Alipiga yeye, mpira ukapanda juu sana, kupita hata ncha ya mlingoti wangu. Nilikuwa chini yake kabisa, nimeinua uso. Mpira ulipita nje. Bwana Curtis aliniangalia, nami nikatikisa kichwa, tukakatiza mikono pamoja. Ukakubali. Ndivyo ilivyo sheria, refa huwaamini watu wake wa golini.

Kelvin alinijia mbio. "Mama Neema, wewe ni wetu ama ni wa wazungu?" Nilimwambia, "Kelvin, rudi ucheze." Akanisukuma. Nilipepesuka nikagonga mgongo kwenye mlingoti. Ulifika pale umeshatoa kadi nyekundu, ukaiinua, uso mkavu, bila neno. Aligeuka kama anayeondoka. Kisha akarudi na kukupiga ngumi moja, jicho la kushoto. Ulikaa chini kama mtu aliyeondolewa kiti. Ukaanza kupapasa kwenye majani unatafuta firimbi, na hakuna aliyeinama kukusaidia kuitafuta ila Bwana Curtis. Ukaipata. Ukainuka, ukapuliza, ukaamuru mchezo uendelee, ukauchezesha mpaka mwisho na jicho linafunga. Nilikuwa nalia na bendera mkononi. Nilitaka kukupiga hata mimi kwa ukaidi huo.

Bwana Curtis ndiye aliyesema polisi wasiitwe. "Mimi nimezaliwa hapa," alisema, "nawafahamu. Wakija, hawatauliza nani ni refa." Nawe ulikubaliana naye kabla hajamaliza. Hili watu wetu hawalitaji kamwe. Kelvin makaratasi yake ya uhamiaji yalikuwa bado hayajatoka. Ungeinua simu tu, leo pengine angekuwa Kitale, mji asioujua. Hukuinua.

Mzee Khaemba alikuja nyumbani na mkewe siku iliyofuata. Niliwapikia chai. Mama Kelvin alikaa na mkoba magotini, hakuigusa chai; alilitazama jicho lako tu, lililokuwa limevimba na kuwa la zambarau. Mzee aliomba kwanza, kisha akaongea.

"Bwana Wanjala, huyu ni mtoto wako. Wewe mwenyewe ndio ulim-train. Ukimuandika vile ilifanyika, wata-ban yeye maisha, na hiyo record itamfuata mpaka kwa ofisi ya makaratasi. Si unajua hii nchi?"

"Polisi sikuita, Mzee. Na sitaita. Lakini ripoti ni ya mchezo. Refa lazima aandike kilichotokea."

"Si uandike tu alikutusi. Matusi ni matusi. Hiyo ngumi uiache hapa nyumbani, tuimalize kama familia."

"Na jicho langu niandike liligonga nini?"

Mzee alicheka kidogo, akidhani unafanya mzaha. Hukuwa unafanya mzaha. Walipoondoka uliniuliza mimi nasemaje. Nilikuambia uandike, na nisingebadilisha neno hata leo, ingawa nimelia juu ya jibu lile mara nyingi. Ukaketi mezani ukaandika sentensi fupi, bila hasira. Ulimwandika kwa jina lake kamili, ukaandika na kwamba alikuwa mchezaji bora uwanjani siku hiyo. Nilikuuliza hilo la mwisho la nini. Ukasema ni kweli, basi.

Kamati ya nidhamu ilituita. Wakakuuliza, huyu mama ni nani kwako? Mke wangu. Na huyu bwana? Jirani yangu. Wakatazamana. Mmoja akasema basi mashahidi wako wote ni watu wa nyumbani kwako. Ulisema, na ni mara pekee niliyokusikia umepandisha sauti mbele ya wageni, "Ninyi ndio mnaosema refa aje na watu wake!" Wakaandika. Wakauliza wengine. Uwanja mzima, Baba Neema, wachezaji wa timu mbili, wake zao, wapishi wa nyama choma, watu wote wale kwa muujiza walikuwa wameinama wanafunga kamba za viatu. Hakuna aliyeona. Hata wale Waairishi wa timu pinzani, waliokushangilia ulipowapa ushindi, waligundua kwamba jua lilikuwa machoni. Kelvin alipewa adhabu ndogo ya kukosa nidhamu. Neno ngumi halikuandikwa popote ila kwenye ripoti yako.

Kisha wakaanza kutuadhibu sisi. Hakuna aliyetutukana. Watu wetu hawatukani, wananyamaza. Wanawake wa kanisa walikuwa na mikutano ambayo mimi nilikuwa nikiisikia baada ya kuisha. Benchi tuliloketi lilibaki na nafasi. Ukisalimia, unajibiwa "Bwana asifiwe" na mtu anayekagua saa yake. Mama mmoja kutoka Bukavu, mgeni kanisani, hajui habari, alikaa nasi akaniuliza, "Mama, mbona banse yenu iko empty hivi? Muko na malade?" Nikamwambia hapana, hatuna mgonjwa, tuko wazima. Wewe ulicheka, na mimi nikacheka, na nilipogeuka nikaona unafuta macho, na sikujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Ulirudi uwanjani wiki iliyofuata. Nilikukasirikia sana kwa hilo. Ulisema hawana mwingine. Ulikuwa ukweli, marefa walikuwa wamekwisha, kila mmoja amechoka kutukanwa. Nikavaa koti langu nikaenda. Walipoanza kuimba, "Refa wa bibi yake! Refa wa bibi yake!" nilitamani ardhi inimeze. Vijana wetu wenyewe ndio walioimba, kwa Kiswahili, ili tuelewe vizuri. Wazungu walidhani ni wimbo wa kushangilia, wakapiga makofi.

Uliendelea hivyo msimu mzima. Ulipungua. Nilikuomba uache. Neema alikuomba. Ulisema utaacha siku utakayopata mtu wa kumwachia. Hakuna aliyetaka kuachiwa.

Sisemi ngumi ile ndiyo iliyokuua. Daktari alisema moyo, nami nimeuguza wazee wa kutosha kujua kwamba moyo huchoka kwa sababu nyingi. Nasema tu kwamba ulikwenda kazini asubuhi kwenye nyumba ya wazee, ukamsukuma bibi mmoja wa kiti cha magurudumu kwenda kunywa chai, ukasimamisha kiti chake, ukafunga breki, kisha ukakaa chini sakafuni. Waliokuwepo wote walisimulia hivyo hivyo, kwamba ulifunga breki kwanza. Nimeshika hilo. Kuna siku nalala nalo.

Msibani walijaa. Benchi letu halikutosha. Kelvin alibeba jeneza, upande wa kulia mbele, na sikumkataza, sikuwa na nguvu ya kumkataza mtu chochote. Alinipa mkono akasema, "Pole sana, Mama." Nilingoja aongeze neno. Hakuongeza. Nyumbani kwetu hakuwahi kufika, si kabla hujafa wala baada. Kwa hiyo waliposema mliyamaliza, nilijiuliza, mliyamalizia wapi? Kwenye jeneza?

Sasa nikueleze mkutano wa Jumapili iliyopita, kisha nikuache upumzike.

Mzee Khaemba alisimama mbele, kombe mezani. Akaeleza habari ya mashindano, akaeleza utakavyokumbukwa, akafika pale kwenye msamaha. Alisema wewe na Kelvin mlizungumza kama baba na mwana. Alisema kwa upole, na nadhani kwa kulirudia rudia ameshaliamini. Kisha akasema, "Tunaomba Mama Neema, kwa niaba ya familia, atupatie jina."

Nilisimama. Nilisema, "Jina nitawapa. Sina shida na kombe. Lakini mume wangu alikufa akiitwa mwongo. Mwenye kumwona akipigwa asimame aseme ameona. Mmoja tu. Akisimama, andikeni jina, na hayo ya msamaha myafute."

Niliwatazama mmoja mmoja, Baba Neema, watu niliowauguzia wagonjwa, niliowashonea nguo za kwaya. Vichwa vikashuka. Bwana Curtis, aliyenisindikiza, aliinuka, nikamwashiria akae; yeye alishasema, na alishaitwa mtu wa nyumbani. Kelvin alikuwa nyuma na simu yake.

Aliyesimama alikuwa Mama Kelvin.

"Mimi niliona," alisema.

"Mama Kelvin, keti," Mzee akamwambia.

"Nilikuwa nyuma ya goli na chai ya wachezaji. Nilimwona mtoto wangu akimsukuma huyu mama, na nikamuona akimpiga bwana yake. Nikanyamaza kwa sababu ya makaratasi. Sasa yametoka. Bado nanyamaza, na sijui ni kwa sababu ya nini."

Kiti kilisukumwa nyuma. Kelvin alitoka nje. Hakuna aliyemjibu mama yake. Na hapo, unawajua watu wetu, unajua wanavyofanya jambo likiwashinda, mtu mmoja upande wa wanaume akasema, "Wapendwa, tufunge kwa maombi."

Wakainamisha vichwa wote kwa mara moja, kwa shukrani kubwa. Mzee Khaemba akaomba. Aliomba kwa ajili ya vijana, kwa ajili ya umoja, kwa ajili ya ndimi zetu. Kisha akamshukuru Mungu, nanukuu alivyosema, kwa kuwa familia ya marehemu imekubali kutoa jina, na kwa kuwa marehemu alikuwa mtu wa msamaha. Yaani aliyapitisha ndani ya maombi, mahali ambapo mtu hawezi kunyoosha mkono kupinga. Nilifumbua macho. Ukumbi mzima vichwa chini, na kule kati Mama Kelvin alikuwa bado amesimama, macho wazi, ananitazama. Hatukufanyiana ishara yoyote. Tulitazamana tu mpaka wakasema Amina, na walisema kwa nguvu, nadhani hata barabarani ilisikika.

Kombe limeshapelekwa kuchongwa. Wakiulizwa watasema tulikubaliana, na kwamba tuliliombea. Neema ameniuliza kwa nini nahangaika na mtu aliyekwisha kufa. Nakukosa. Nakukosa jikoni, nakukosa kwenye ngazi, nakukosa hata ukinidanganya kuhusu mayai.

Pumzika sasa, Baba Neema. Ujue tu kwamba sikusema Amina.

Mkeo,
Mama Neema